Barua Iliyomtangulia Nassoro Misri

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu na karatasi zenu mkononi, mkakaa kitako mkaniuliza ng'ambo kukoje, nawapa jibu mapema msije mkapoteza wakati wenu: sijui. Mimi sijavuka bahari zaidi ya Unguja, na huko nako nilitapika kwenda na kurudi. Lakini waulizeni waliotoka mji huu wa Mvita kwenda kusoma Misri, Makka, Hadhramauti na Bombay, nani aliwaandikia barua zao, nani aliwaambia blanketi ni mbili si moja. Watawatajia Hamisi wa Ndia Kuu. Basi habari za Misri yenyewe kawaulizeni wengine. Habari za kufika, na kupokewa, na kutorudishwa, niulizeni mimi.

Kazi yangu haikuwa na jina hasa. Wengine wakiniita karani, wengine mwandishi wa barua. Aliyenifunza ni Bwana Shee, Mungu amrehemu, aliyekuwa na chumba cha chini katika nyumba moja ya ghorofa pale Ndia Kuu. Akiandika Kiarabu, akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Kigujerati alikijua cha kutosha kumsuta muuza duka. Waliokuja kwetu walikuwa wafanyabiashara, na wanawake ambao waume zao wako mbali, na wanafunzi. Mimi niliwapenda wanafunzi. Mfanyabiashara huandika apate jibu. Mwanafunzi huandika ili apate maisha.

Sikizeni nilivyofunzwa. Mwanafunzi anayesafiri hupewa barua tatu. Ya kwanza ni ya mwenyeji atakayemlaza siku za mwanzo. Ya pili ni ya mwalimu. Ya tatu ni ya mtu wa Adeni, kwa kuwa meli husimama Adeni, na kijana mgeni akishuka pale bila jina la mtu mfukoni hupotea kama sindano mchangani. Barua hizo haziwekwi pamoja. Moja hukaa mwilini, moja katika nguo, moja apewe msafiri mwenziwe. Na zote zikae mbali na chakula. Nalisema hili kwa uchungu. Kijana mmoja wa Kibokoni alizifunga barua zake pamoja na chupa ya achari ya embe aliyopewa na nyanya yake, na chupa ikapasuka kabla meli haijapita Lamu. Mwenyeji wake wa Makka alituandikia kwamba barua yetu haikusomeka hata mstari mmoja, lakini iliponuswa ilitia hamu ya kula. Alimpokea kijana kwa harufu.

Jina nalo liwe moja. Ukiandikwa Nassoro bin Athumani kwenye tikiti, usiandikwe Nasir Othman kwenye cheti cha chanjo ya ndui. Tulikuwa na mmoja aliyewekwa karantini siku chungu nzima, si kwa maradhi, bali kwa sababu cheti chake kilitaja jina la babu yake. Nyinyi leo mna picha zenu zilizobandikwa kwenye vitabu vya safari. Sisi tulikuwa na wino tu, na wino ukikosea hauna uso wa kuusahihisha.

Nimemtaja Nassoro, na sikumtaja kwa bahati. Ndiye nitakayewaeleza leo, kwa sababu niliyomfanyia yalinifunza kazi hii kuliko miaka yote niliyokaa miguuni pa Bwana Shee.

Nassoro bin Athumani alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, wa Mkanyageni. Alikwisha soma darsa zote za msikitini kwao, na maalim wake akawa anampa watoto awasomeshe. Wakati huo reli ilikwisha fika bara, na Kilindini palijaa watu wa kupima: wapima gati, wapima viwanja, wapima mashamba. Nassoro alikuwa akienda kuwatazama.

Siku aliyokuja kwetu na mama yake, Bwana Shee alimwuliza, "Wataka kwenda kusoma nini, mwanangu?"

"Hisabu, Bwana."

"Hisabu? Vijana wote waniambia fikihi."

"Fikihi nimefunzwa hapa hapa, na walimu tunao. Lakini nimekwenda Kilindini, Bwana. Wageni wapima ardhi yetu, na sisi twashika kamba. Nimemwuliza mmoja wetu aliyeshika kamba, 'Hapa ni kiasi gani?' Akaniambia, 'Mimi nashika tu.' Nataka nikasome hisabu Misri, nirudi niifunze hapa kwa lugha yetu."

Bwana Shee alimgeukia mama. Bi. Mwanaisha alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha unyamaze ili umsikie.

"Na wewe, Bi. Mwanaisha, umeridhika?"

"Mimi nimeridhika. Ami yake hakuridhika."

Ami yake, Bwana Omari, alikuwa tajiri wa vitambaa, mtu wa joho na kilemba, anayepishwa njia. Alikuja siku ya pili yake peke yake. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akasema, "Bwana Shee, masalkheri. Nasikia mwamwandikia mtoto wa ndugu yangu barua za Misri."

"Masalkheri, Bwana Omari. Karibu ukae."

"Sikai. Ndugu yangu Athumani alikwenda Bombay akiwa na nguvu zake, akisema miezi mitatu. Tauni ikamkuta huko. Huyu mtoto ndiye uso wake uliobaki. Mukimwandikia, mujue mumeandika nini."

Akaondoka. Bwana Shee akaniambia, "Hamisi, yule si mtu mbaya. Yule ana hofu. Usimchukie mtu kwa hofu yake." Mimi nilikuwa kijana, nikamchukia.

Sasa mjue desturi ya Bwana Shee. Barua ya kumtambulisha mtu haifungwi mpaka mwenyewe asomewe, neno kwa neno, na kila neno aseme "kweli". Lisilo kweli hufutwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Niliwahi kumwona akikwaruza kwa kisu neno "hodari" kwa sababu mwanafunzi alisita kabla ya kulikubali.

Wiki ile ya safari ya Nassoro, Bwana Shee alishikwa na homa, akalala kwake. Chumba kikawa changu. Nilikuwa na kalamu mpya ya chuma, na kichwani mwangu nilikuwa na maneno ya Kiarabu niliyokuwa nikiyakusanya muda mrefu, yanayolingana mwisho kama makofi ya ngoma. Nikakaa asubuhi nzima nikaandika barua ya mwalimu wa Misri. Nilisema kijana huyu ni bahari ya nahau. Nilisema hisabu kwake ni kama maji kwa samaki. Nilisema amezimaliza elimu za mji wake na mji wake hauna tena cha kumpa. Nilipoisoma, machozi yalinilenga. Si kwa ajili ya Nassoro, kwa ajili ya Kiarabu changu.

Ukweli wenyewe, Nassoro alijua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na kugawanya kwenyewe kwa taabu. Nahau aliijua kama sote tulivyoijua.

Alipokuja kuchukua barua aliniuliza, "Hunisomei?"

"Meli yaondoka kesho, una mengi ya kufanya," nikamjibu. "Niamini. Barua hii itakufungulia milango."

Nikaipiga muhuri.

Iliifungua milango kweli. Kiasi cha miezi mitatu baadaye ilikuja barua kwa jina langu. Nilidhani ni ya shukrani, nikaisoma kwa sauti mbele ya Bwana Shee, aliyekuwa amekwisha pona. Nilifika mstari wa nne, nikataka kuikunja, na Bwana Shee akaniamuru niendelee.

Nassoro alieleza hivi. Mwalimu aliisoma barua mbele ya darasa la juu. Akashuka kutoka mahali pake, akamkumbatia, akawaambia wengine, "Huyu ametoka mwisho wa nchi za Waislamu, na tazameni elimu yake." Kisha akampa chaki. Ubaoni palikuwa na hisabu ya herufi na namba zilizochanganyika, kitu ambacho Nassoro hajapata kukiona maishani mwake. Akasimama na chaki mkononi. Wenziwe wakaanza kucheka. Mwalimu hakucheka. Alimwuliza, "Barua hii uliyajua yaliyomo?" Nassoro akasema hakusomewa. "Basi ama wewe ni mwongo, ama umebebeshwa uongo. Mimi sisomeshi mwongo. Nakupa muda hadi Idi. Aliyeandika akisema neno, nitalisikiliza. Asiposema, rudi kwenu."

Mwisho wa barua Nassoro aliandika: "Hamisi, silali kwa aibu. Barua yako ilifika kabla yangu, na mimi sijaifikia."

Nilimwambia Bwana Shee nitaandika mara moja. Nikaandika. Nilisema huenda palikuwa na kosa katika kunakili, nilisema mwandishi alizidiwa na mapenzi kwa ndugu yake, nilisema maneno mazuri mazuri. Bwana Shee akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake.

"Hii nayo ni tamu," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa tamu, ikamtia mtoto wa watu matatani. Hii ataandikiwa nani, nyuki?"

Kisha akavaa viatu vyake. "Twende kwa Bi. Mwanaisha. Barua hii itaandikwa mbele yake."

Ningekubali kuogelea mpaka Misri kuliko kwenda Mkanyageni siku ile. Na kwa bahati yangu, tulimkuta Bwana Omari pale, amekuja kumwamkia shemejiye. Bwana Shee alieleza yote mimi nikiwa nimekaa, macho kwenye mkeka. Hakuniongezea wala hakunipunguzia.

Bwana Omari ndiye aliyesema kwanza. "Nilisema. Basi limekwisha. Andika arudi kwa meli ijayo."

"Ngoja, shemeji," Bi. Mwanaisha akasema.

"Ningoje nini, Mwanaisha? Yuko nchi ya watu, anachekwa, hana wa kumtetea. Wataka tuletewe habari kama ile ya Bombay?"

"Habari ile hakuna anayeijua kunishinda." Alisema polepole, na Bwana Omari akainamisha kichwa. "Akirudi sasa, atarudi mwongo. Hapa Mvita watasema Nassoro alikwenda kudanganya Misri akafukuzwa. Nani atampa mtoto wake amfunze? Hamisi ataandika kweli. Akifukuzwa baada ya kweli, na aje, uso wake anao."

Akanigeukia. "Andika, mwanangu. Mimi nitasikiliza."

Nikatoa karatasi. Kila sentensi niliyoiandika kwa Kiarabu nilimfasiria kwa Kiswahili. Nikasema, "Nimeandika hapa: mimi Hamisi, mwandishi wa barua, nilighafilika."

"Ulighafilika?"

"Naam, Bi."

"Kughafilika ni mtu kusahau maziwa motoni. Wewe ulisahau?"

Niliweka kalamu chini.

"La, Bi. Nilitaka watu wa Misri waone najua kuandika."

"Basi andika ulijisifu."

Nikaandika nilijisifu. Nikaandika kwamba kijana alitaka kusomewa, na mimi nikamkatalia. Nikaandika anachokijua katika hisabu, mambo manne, na la nne kwa taabu. Hapo Bi. Mwanaisha akauliza, "Huwezi kuongeza kuwa ana bidii?" Bwana Shee akasema, "Bidii mwalimu ataiona mwenyewe, dada yangu. Tusimwandikie tena sifa." Akakubali. Barua haikujaza hata upande mmoja wa karatasi. Bwana Omari alitoka kabla hatujaipiga muhuri, na kuanzia siku ile akinikuta njiani alikuwa akitazama ukuta.

Barua za Misri zilikwenda zilivyotaka zenyewe. Nilikuwa nikishuka bandarini kila meli ya barua ilipotia nanga, nikipiga hesabu ya siku: hii imefika Adeni, hii imefika Suezi. Ramadhani ikaingia. Idi ikafika, nikasali, nikala pilau lisilo na ladha. Siku kumi na kitu baada ya Idi ilikuja bahasha moja ikiwa na karatasi mbili.

Ya mwalimu ilikuwa fupi: "Nimeisoma barua yako ya pili. Kijana alisema kweli tangu siku ya kwanza, na wewe umesema kweli mwishoni. Anaweza kukaa, kwa sharti aanze darasa la chini kabisa."

Ya Nassoro ilisema: "Nimekubali. Nakaa na watoto wa miaka tisa, magoti yangu hayaingii chini ya meza. Aliye jirani yangu ananifundisha visehemu, na nikikosea hunipiga konzi. Mwambie mama sijambo."

Nilikimbia nayo mpaka Mkanyageni. Bi. Mwanaisha alinitaka niisome mara tatu, na kila nilipofika kwenye konzi alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaniuliza, "Huko ni baridi?" Nikamwambia nasikia ni baridi. Wiki ile ile alinipa blanketi nimtafutie msafiri wa kumpelekea. Tangu hapo, vijana, blanketi ni mbili.

Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Kalamu ya unyasi ilipisha, kalamu ya chuma ikaja, kisha nikajifunza kupiga chapa kwa vidole viwili nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Mashine ile ina jambo moja zuri: haina mapambo. Herufi zote ni sawa, na uongo ukiwa ndani huonekana kama inzi kwenye maziwa. Na desturi ya kumsomea mtu barua yake sikuiacha tena mpaka siku niliyofunga chumba. Wako waliokasirika. Baba mmoja wa Kizingo, mtu wa serikali, aliniambia, "Mwanangu umemwandikia kama mtu wa kawaida." Nikamwambia, "Bwana, akifika huko kama mtu wa kawaida atapokewa. Akifika kama malaika watamwuliza mbawa ziko wapi." Alikwenda kwa mwandishi mwingine. Haidhuru.

Kwa hiyo mkijiandaa, andikeni kwanza mnachokijua. Kiandikeni wazi, bila haya. Mwalimu wa mbali hawezi kuwasaidia pale msipokuwapo. Mwajua kugawanya kwa taabu? Semeni kwa taabu. Dunia ina nafasi ya mtu anayejua kidogo na kukisema, na mimi nimewapeleka wengi wa namna hiyo, na wengi wao wamerudi na kitu.

Nassoro alikaa miaka sita. Kwenye barua zake nilimwona akipanda: darasa la pili, la nne, kisha akawa haelezi madarasa tena, anaeleza mambo ambayo mimi na Bwana Shee tulitazamana tu. Bwana Shee alifariki mwaka wa tano. Nassoro aliandika taazia ya mistari mitatu, na mistari hiyo mitatu ilinitosha.

Alirudi mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani. Meli ilitia nanga asubuhi, na abiria wakaletwa kwa mashua mpaka forodha ya bandari ya kale. Mimi nilikuwapo. Nilitangulia nikasimama kando, kwa sababu nilimwona Bwana Omari pale mbele, na joho lake, na fimbo yake, na watu wakimwachia nafasi. Sikujua amekuja kumlaki au kumlaumu. Nadhani hakuwa akijua yeye mwenyewe.

Nassoro alishuka akiwa mtu mwingine: masharubu, mabega, macho yenye miwani. Akambusu ami yake mkono. Bwana Omari akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Kisha likashushwa sanduku la vitabu. Lilikuwa la mbao, limefungwa kamba, zito, mahamali wawili wakalisogelea wakibishana nani aanze upande gani. Bwana Omari akampa Nassoro fimbo yake. Akavua joho, akalikunja, akalitia begani mwa kijana. Akainama, akawaashiria mahamali wamtweke, na sanduku likakaa juu ya kichwa chake, juu ya kilemba kile.

"Ami!" Nassoro akasema. "Ami, tafadhali."

"Tangulia," akamwambia.

Tukapanda Ndia Kuu hivyo. Yeye akenda kwa hatua fupi fupi, shingo imekaza, jasho likimtiririka, na watu wa madukani wakatoka vizingitini, wengine mikono vinywani. Hawajapata kumwona Bwana Omari amebeba hata tango. Mwenye duka mmoja, mwenziwe wa miaka mingi, akashindwa kuvumilia.

"Bwana Omari! Mahamali wamekwisha mjini?"

Hakusimama, wala hakugeuza kichwa, maana hakuweza.

"Wapo," akajibu. "Lakini hili ni letu."